Kabla ya kununua konveta ya sauti, chunguza runinga, nyaya na masikio ya watoto

Ni saa mbili usiku, muda wa taarifa ya habari. Runinga mpya ya bapa imetundikwa ukutani, picha inang'aa, lakini babu aliyekaa kwenye kochi analalamika kuwa msomaji anamumunya maneno. Mtoto wa darasa la pili amesogea hadi hatua moja kutoka kwenye kioo. "Ongezeni sauti," anasema mama kutoka jikoni. Rimoti inabonyezwa na kubonyezwa, kisha yanaingia matangazo ya biashara na kila mtu anaziba masikio.

Pembeni mwa runinga hiyo kuna redio kubwa yenye spika mbili, iliyonunuliwa enzi za CD. Bado ni nzima. Shida ni kwamba haiungani na runinga: nyuma ya redio kuna matundu mekundu na meupe, nyuma ya runinga hayapo. Baba anaulizia mtaani, anaambiwa akanunue konveta.

Hali hiyo ipo katika nyumba nyingi, na mara nyingi ushauri huo ni sahihi. Lakini konveta ziko za aina nyingi na bei tofauti, baadhi ya familia hazizihitaji kabisa, na wakati mwingine kinachofanya sauti iongezwe kila siku si kifaa bali ni masikio ya mmoja wa waliokaa sebuleni. Mzazi anayeweza kutofautisha mambo hayo ataokoa fedha, na pengine ataokoa usikivu wa mtoto wake.

<b>Ni king'amuzi, ila cha sauti</b>

Watanzania wengi wanakumbuka Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ya runinga ilipoanza kuzimwa jijini Dar es Salaam. Wenye runinga za zamani walilazimika kununua ving'amuzi. Runinga hazikuwa zimeharibika. Zilikuwa hazielewi lugha mpya ya matangazo, zikahitaji mkalimani.

Konveta ya sauti hufanya kazi ya namna hiyo. Kwenye boksi lake huandikwa herufi DAC. Ndani ya runinga, simu au kompyuta, muziki na mazungumzo huhifadhiwa kama namba. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hubeba namba 44,100 kwa kila sekunde kwa spika ya kushoto, na idadi hiyo hiyo kwa spika ya kulia. Spika haijui namba. Inachojua ni umeme unaopanda na kushuka, ukiisukuma mbele na nyuma mpaka hewa itikisike na sikio lisikie. Kazi ya kugeuza namba hizo kuwa umeme wa aina hiyo ndiyo ya king'amuzi hiki.

Hapo ndipo linapopatikana jambo la kwanza la kuokoa fedha: karibu kila kifaa cha nyumbani kinachotoa sauti ya kidijitali tayari kina king'amuzi chake ndani. Simu yenye tundu la hedifoni inacho. Sabufa inayopokea bluutuzi au kusoma flashi inacho. Kompyuta mpakato inacho, na runinga yenyewe inacho, la sivyo spika zake zisingetoa sauti.

Kwa hiyo swali la mzazi lisianze na king'amuzi kipi ni bora. Lianze na hili: kwa nini kile nilichonacho hakinitoshi?

<b>Jaribio la dakika kumi</b>

Kabla ya kwenda dukani, familia inaweza kufanya majaribio matatu yasiyo na gharama.

La kwanza ni la redio. Washa redio ya FM au weka CD kwenye redio ile ya zamani, kwa sauti ya kawaida. Kama maneno yanasikika vizuri, redio na spika zake ni nzima. Kama zinakwaruza, hakuna konveta itakayozitibu. Hiyo ni kazi ya fundi.

La pili ni la waya. Tazama nyuma na ubavuni mwa runinga kama kuna tundu la hedifoni. Kama lipo, azima waya wenye pini ndogo upande mmoja na pini mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili. Chomeka kwenye runinga, kisha kwenye matundu ya redio yaliyoandikwa AUX au LINE IN. Ikitoka sauti safi, kazi imekwisha kwa bei ya waya. Familia hiyo haihitaji konveta.

La tatu ni la masikio. Runinga iwekwe kwenye kiwango kimoja, wote wakae umbali sawa, kila mmoja aeleze alichosikia katika dakika moja ya habari. Kama wote wanalalamika, tatizo ni runinga. Runinga bapa ni nyembamba, hivyo spika zake huwa ndogo na nyingi zimeelekezwa chini au nyuma, mbali na mtazamaji. Lakini kama wanne wamesikia na mmoja hakusikia, tatizo haliko kwenye runinga.

Matokeo ya jaribio hilo la tatu yawekwe akilini, yatahitajika mbele.

<b>Nani anahitaji konveta</b>

Baada ya majaribio hayo, wanaobaki na sababu ya kununua ni makundi machache.

Wapo ambao runinga yao haina tundu la hedifoni wala matundu mekundu na meupe ya kutoa sauti, ila ina tundu dogo la mraba lililoandikwa OPTICAL au DIGITAL AUDIO OUT. Tundu hilo hutoa sauti kwa njia ya mwanga, na redio ya zamani haliwezi kuupokea bila king'amuzi.

Wapo ambao waya wa hedifoni unafanya kazi lakini unaleta mvumo mzito usiokoma, hata runinga ikiwa kimya. Mara nyingi mvumo huo hutokana na runinga, king'amuzi cha matangazo na redio kuunganishwa kwa nyaya nyingi zinazounda mzunguko wa umeme. Waya wa mwanga haupitishi umeme, hivyo hukata mzunguko huo.

Na wapo ambao simu yao mpya haina tundu la hedifoni, nao wanataka kuiunganisha na redio kwa waya. Hao wanahitaji kipande kidogo tu cha USB-C. Kile cha Apple, kilichotoka mwaka 2018 kikiuzwa dola 9 nchini Marekani, kimepimwa mara nyingi na wapenzi wa sauti na kukutwa safi kuliko ukubwa wake unavyoonyesha, ingawa kwenye baadhi ya simu za Android sauti yake hutoka ndogo.

<b>Mambo ya kukagua dukani</b>

Mzazi anayekwenda Kariakoo au kwenye duka la vifaa vya umeme la mtaani kwake asiende na maelezo ya mdomo tu. Apige picha nyuma ya runinga na nyuma ya redio kwa simu yake. Picha mbili hizo humwepusha na makosa ya kawaida.

Kosa la kwanza ni kununua konveta ya upande wa kinyume. Ziko zinazogeuza sauti ya analojia kuwa ya kidijitali, na boksi lake hufanana sana na lile linalotakiwa. Kinachohitajika ni kiboksi chenye tundu la OPTICAL upande wa kuingiza, na matundu mekundu na meupe upande wa kutoa.

Kosa la pili ni kutotofautisha matundu ya runinga. Baadhi ya runinga mpya hazina OPTICAL, zina HDMI iliyoandikwa ARC pekee. Hizo zinahitaji konveta iliyoandikwa ARC. Ya OPTICAL haitaingia.

Kosa la tatu ni kutazama boksi bila kuuliza kilichomo. Konveta ya aina hii kwa kawaida huhitaji umeme mdogo wa volti 5, waya wa mwanga, na waya wa pini nyekundu na nyeupe. Kimoja kikikosekana, familia itarudi dukani siku inayofuata.

Ikiwezekana, ijaribiwe palepale dukani. Sikiliza kama kushoto na kulia kote kunatoa sauti. Kisha simamisha muziki, pandisha sauti ya amplifaya taratibu, na usikilize ukimya. Konveta nzuri huacha ukimya. Mbovu huacha mchakacho au mlio mwembamba. Omba risiti, na muulize muuzaji kama kifaa kinaweza kurudishwa.

<b>Namba kubwa kwenye boksi</b>

Wauzaji hupenda kuonyesha namba: biti 24, biti 32, kilohezi 192. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, bei nayo hupanda. Mzazi anaweza kuzipita namba hizo bila hofu.

Sikio changa na lenye afya husikia milio kuanzia takriban hezi 20 hadi 20,000, na uwezo wa kusikia milio myembamba kabisa hupungua umri unavyosogea. Namba 44,100 kwa sekunde za CD zinatosha kubeba milio yote hiyo. Biti 16 za CD nazo hugawa sauti katika ngazi 65,536, tofauti ambayo sebule yenye feni, watoto na barabara ya jirani haiwezi kuimaliza.

Jambo hilo limejaribiwa. Mwaka 2007, watafiti E. Brad Meyer na David R. Moran wa Marekani walichapisha utafiti ambao wasikilizaji walilinganisha muziki wa kiwango cha juu na muziki huohuo uliopitishwa kwenye kiwango cha CD, bila kuambiwa upi ni upi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, sawa na mtu anayebahatisha kwa kurusha shilingi juu.

Hii haina maana kwamba konveta zote ni sawa. Ya bei ya chini kabisa inaweza kuwa na mchakacho au kuharibika mapema. Lakini ikishatoa sauti safi bila kelele za pembeni, fedha inayoongezwa hununua vitu vingine: kasha imara, kitufe cha sauti, tundu la hedifoni, dhamana. Kama familia ina akiba ya kuboresha sauti, iielekeze kwenye spika, kwa sababu spika ndizo zenye tofauti kubwa inayosikika na kila mtu. Na kama akiba hiyo ni ya ada ya shule, konveta ya kawaida inatosha.

<b>Imeunganishwa, mbona kimya?</b>

Watu wengi huirudisha konveta nzima wakidhani ni mbovu. Sababu kubwa ni mpangilio wa runinga.

Runinga nyingi hutoa sauti iliyofungwa kwa mfumo wa Dolby, ambao konveta za bei nafuu hazijui kuufungua. Matokeo yake ni kimya au mchakacho mkali. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga, tafuta sehemu ya sauti ya kidijitali inayotoka nje, uchague PCM. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Hakikisha pia vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha za waya wa mwanga vimetolewa, na waya haukukunjwa kwa nguvu. Zima spika za runinga, vinginevyo chumba kitajaa mwangwi. Na kama lengo lilikuwa kuondoa mvumo, konveta ipate umeme kwenye chaja ya simu iliyochomekwa ukutani, si kwenye USB ya runinga, kwa sababu waya huo wa USB unaweza kuurudisha ule mzunguko wa umeme uliokwisha kukatwa.

Baadhi ya konveta huja na rimoti ndogo inayotumia betri bapa, mfano wa kifungo cha shati. Betri hiyo ni hatari kwa mtoto mdogo. Ikimezwa na kukwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Rimoti ambayo mfuniko wake haufungwi kwa skrubu iwekwe mbali na watoto, na mtoto anayehisiwa kumeza betri apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri dalili.

<b>Sauti safi haihitaji kuwa kubwa</b>

Faida halisi ya kuunganisha runinga na spika nzuri si kutikisa madirisha. Maneno yakisikika vizuri, familia hupata habari na tamthilia kwa sauti ya chini kuliko awali. Hapo ndipo kifaa hiki kinapogusa afya.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni moja wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya namna wanavyosikiliza muziki na sauti nyingine za burudani. Kiwango ambacho shirika hilo hukitaja kuwa salama kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa hizohizo.

Desibeli hazihesabiki kama shilingi. Kila zinapoongezeka 3, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huongezeka maradufu, na muda salama hupungua kwa nusu. Saa 40 za desibeli 80 huwa saa 20 kwenye desibeli 83, na saa 10 kwenye desibeli 86. Ndani ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vidogo vinavyopokea mtikisiko wa sauti. Chembe hizo zikifa kwa kelele, hazioti tena.

Kwa kuwa waya wa OPTICAL mara nyingi hutoa sauti kwa kiwango kimoja bila kujali rimoti ya runinga, sauti itaongozwa na kitufe cha redio. Kishushwe hadi chini kabla ya kuwasha mara ya kwanza, kisha kipandishwe taratibu. Familia ikishakubaliana kiwango, iweke alama kwa kipande cha plasta pembeni mwa kitufe, na kila mtoto ajue kuwa hiyo ndiyo mwisho.

Programu za simu za kupima kelele hutoa makadirio, lakini ipo njia rahisi zaidi. Mtu akisimama umbali wa mkono mmoja kutoka kwako na mkalazimika kupaza sauti ili msikilizane, sauti ya redio imezidi.

<b>Yule mmoja ambaye hakusikia</b>

Sasa turudi kwenye jaribio la tatu. Kama katika nyumba yupo mtoto anayesogelea runinga kila siku huku wenzake wakisikia vizuri kutoka kwenye kochi, konveta haitamsaidia. Tena inaweza kuficha tatizo, kwa sababu sauti ikiwa kubwa ataonekana anasikia.

Dalili nyingine ni mtoto kuuliza "nini?" mara kwa mara, kutazama sana midomo ya anayezungumza, kutoitika akiitwa kutoka nyuma, kuchelewa kuongea, au kushuka darasani bila sababu inayoeleweka. Wazazi wengi huuita utundu au ukaidi. Mtoto huchapwa kwa kutotii agizo ambalo hakulisikia.

Sababu zake mara nyingi zinatibika. Nta inaweza kuziba sikio. Majimaji yanaweza kujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua. Maambukizi yanayotoa usaha, yasipotibiwa, yanaweza kutoboa ngoma hiyo. WHO inasema asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika.

Mtoto wa namna hiyo aanzie kituo cha afya kilicho karibu, aangaliwe sikio kwa kifaa chenye taa, na ikibidi apewe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Nyumbani asichokonolewe kwa kijiti cha pamba wala kibiriti, na asitiwe mafuta ya moto wala majani sikioni. Vitu hivyo husukuma nta ndani au huumiza ngoma.

Babu naye asisahaulike. Usikivu hupungua kwa wazee wengi, na kwanza hupotea milio myembamba inayotofautisha maneno. Ndiyo maana mzee husema anasikia sauti lakini haelewi kinachosemwa. Kumwongezea sauti sebule nzima ni kumtibu mmoja kwa kuwaumiza wengine. Naye apimwe, huenda anahitaji kuondolewa nta, au kifaa cha kumsaidia kusikia kinachowekwa sikioni mwake peke yake.

Kwa hiyo mzazi aliyetenga fedha za konveta apange safari zake kwa mfuatano. Jaribio la dakika kumi lifanyike leo jioni. Wote wakilalamikia runinga, aende dukani na picha zake mbili, anunue kiboksi cha bei ya kawaida kinachoingia kwenye matundu aliyonayo, na aweke plasta kwenye kitufe cha redio. Lakini kama anayelalamika ni mtoto mmoja tu, safari ya dukani isubiri. Kesho asubuhi mtoto huyo apelekwe kituo cha afya kwanza.